Jinsi ya kutengeneza ripoti kadi ya mto ambayo watu wa mtaani wataielewa na kuiamini

Wengi mnakumbuka Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wetu wa Tanzania yalivyogeuka meusi na samaki wakaanza kuelea wamekufa. Serikali ikaunda kamati, ikaenda kupima, ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza majini, oksijeni ikaisha, samaki wakakosa hewa. Na mnakumbuka jibu hilo lilivyopokelewa, mitandaoni na hadi bungeni, watu wakakataa kabisa. Mi siandiki hapa kubishana nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba mvuvi au mama anayechota maji pale hakuwa na namba za miaka ya nyuma mkononi za kulinganisha, kwa hiyo siku msiba ulipotokea alibaki na mawili tu, kumwamini aliyekuja na gari kutoka mjini au kutomwamini. Na elimu ilikuwepo jamani, mwaka 2018 watafiti walishachapisha kuhusu viboko zaidi ya 4,000 wa Mara upande wa Kenya, kwamba kinyesi chao kinajikusanya kwenye mabwawa ya mto, maji yakijaa yanakisukuma kwenda chini, oksijeni inaporomoka na samaki wanakufa. Ilikaa kwenye majarida ya wanasayansi huko, haikufika mtoni.

Ndo maana nahimiza sana hivi vikundi vyetu, jumuiya za watumia maji kwa Tanzania, WRUA, yaani jumuiya kama hizo, kwa ndugu zetu wa Kenya, klabu za mazingira za shule, vijana wa usafi wa mitaa, kila kikundi kilicho karibu na mto au ziwa kianze kutengeneza ripoti kadi yake mapema, kabla ya tatizo. Ripoti kadi ni karatasi moja inayoupa mto maksi kama mwanafunzi, kila mwaka, kwa vipimo vilevile, sehemu zilezile. Mzazi ambaye hajasoma hata darasa moja anajua ripoti ya mtoto inasema nini akiishika, hiyo nguvu ndo tunayoitaka.

Wenzetu wameifanya muda mrefu. Mto Charles wa Boston, Marekani, ulianza kupewa gredi mwaka 1995 na mwaka huo ukapata D. Kilichonivutia ni jinsi walivyoielezea ile D, kwamba maji yalifikia kiwango cha kuendeshea mitumbwi asilimia 39 ya muda na kiwango cha kuogelea asilimia 19 tu. Mtu wa kawaida anaelewa hapohapo. Watu wakakasirika, mamlaka zikaanza kusaka mabomba ya majitaka yaliyounganishwa kinyemela kwenye mifereji ya mvua, gredi ikapanda taratibu kwa miaka mpaka ikafika kwenye B na A. Ghuba ya Chesapeake, hukohuko Marekani, nayo ina kadi inayotolewa na chuo kikuu cha Maryland kila mwaka, ile ndo nimeichukulia sana utaratibu wa kukokotoa nitakaoonyesha hapa chini.

Mfano nitakaotumia ni Mto Msimbazi wa Dar es Salaam, kwa sababu wengi tunaufahamu, unaanzia vilima vya Pugu, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Jangwani mpaka baharini pale Salenda, kilomita kama 35 hivi. Maksi nitakazoandika ni za kufundishia tu, sio vipimo halisi, tafadhali msizishee kama matokeo.

Kwanza ulizeni watu wanautumiaje mto

Vikundi vingi vinaanza kwa kununua vifaa. Acheni kwanza. Zungukeni na daftari, kaeni na mwenyekiti wa mtaa, wakulima wa mchicha na matembele bondeni, wachimba mchanga, wanaofua, wavuvi kama wapo, mama wenye watoto wanaocheza mtoni, wenye nyumba wanaoogopa mafuriko. Waulize mambo mawili tu, unautumia mto kwa nini, na nini kinakutia hofu. Majibu yao ndo yanageuka kuwa masomo kwenye ripoti. Mkulima wa mboga anataka kujua kama maji ya kumwagilia yana vimelea, mama anataka kujua mtoto akiingia majini atapata kichocho au kuharisha, mvuvi anataka kujua samaki watarudi lini. Ukipima kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyekiuliza, siku ya kutangaza hawatakuja, na wakija watakaa kimya.

Hatua hii hii pitieni ofisi ya bonde la maji, ile ya serikali inayosimamia mito ya eneo lenu. Msimbazi uko chini ya Bonde la Wami/Ruvu, na Tanzania nzima tuna mabonde tisa, kila moja na bodi yake. Wao wana vituo vyao vya kupimia na wana takwimu za nyuma, waombeni, na waambieni mnachotaka kufanya mapema, sio siku kadi imeshaprintiwa. Mkiwa nao tangu mwanzo namba zenu hazitagongana hadharani, na mara nyingine watawasaidia maabara.

Masomo manne au matano yanatosha

Nimeona orodha zenye vipimo 20, hakuna kikundi cha kujitolea kinachoweza kuziendeleza mwaka wa pili. Chagueni vichache mnavyovimudu kila mwaka bila kukosa. Kwa mto kama Msimbazi mi ningechukua hivi:

Oksijeni iliyomo majini. Hii ndo pumzi ya mto. Maji safi ya joto la nyuzi 25 yanaweza kubeba miligramu 8 na kidogo kwa lita, samaki wengi wanahitaji angalau 5, ikishuka chini ya 2 samaki wanakufa au wanakimbia. Kuna viboksi vya kupimia kwa matone ya dawa, na kuna mashine za mkononi. Cha kuzingatia ni saa, oksijeni inakuwa chini alfajiri na inapanda mchana jua likiwaka kwa sababu ya mimea ya majini, kwa hiyo kama mwezi huu mmepima saa 1 asubuhi, mwezi ujao msipime saa 8 mchana mkafurahi kwamba mto umepona.

Vimelea vya kinyesi, yaani E. coli. Hapa mtahitaji maabara na ndo penye gharama kubwa, lakini msikiache maana ndo kinachogusa afya moja kwa moja. Kwa kuogelea, Marekani wanatumia kikomo cha wastani wa E. coli 126 kwa kila mililita 100. Kwa kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 uliweka bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100. Kwa maji ya kunywa ni sifuri, hakuna mjadala, na sidhani kama kuna haja ya kuupima mto wa mjini kwa kipimo cha kunywa, utaupa F kila mwaka na watu watachoka.

Uangavu wa maji. Bomba la plastiki linaloonyesha, urefu wa mita moja, unajaza maji, unatazama alama nyeusi kwa ndani mpaka isionekane, unasoma sentimita. Rahisi, mtoto wa darasa la tano anafanya. Kwa ziwani kuna ile sahani nyeusi na nyeupe inayoshushwa kwa kamba.

Wadudu na viumbe wadogo wa chini ya mawe. Hiki ndo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu mashine inakuambia maji yakoje dakika hiyo, ila wadudu wameishi mle wiki na miezi, hawawezi kudanganya. Kama kiwanda kimemwaga uchafu usiku wa Jumapili nyie mkapima Jumanne, maji yameshapita, lakini wadudu wamekufa na mtaona pengo. Wenzetu wa Afrika Kusini wana njia inaitwa miniSASS ya makundi 13 tu ya viumbe, kila kundi lina pointi zake. Wanaostahimili uchafu wana pointi chache, minyoo 2, ruba 2, mabuu ya nzi na mbu 2, konokono 4. Wanaotaka maji safi wana nyingi, kaa na uduvi 6, mabuu ya kereng'ende 6, hadi yule mdudu wa mawe mwenye mikia miwili ambaye ana 17. Mnachota kwa wavu, mnamimina kwenye trei nyeupe au beseni, mnahesabu makundi mliyoyapata, mnajumlisha pointi na kugawa kwa idadi ya makundi. Mkipata minyoo, ruba, mabuu ya nzi na konokono peke yake ni 2+2+2+4, ni 10, gawa kwa 4 ni 2.5, hali mbaya sana. Wastani ukizidi 7 hivi mto uko karibu na asili yake. Vikomo vyake vimewekwa kwa mito ya Afrika Kusini, na Tanzania kuna mfumo wetu wa kitaalamu wa kupima mito kwa viumbe kama hawa unaitwa TARISS, kwa hiyo tafuteni mtu wa chuo au wa bonde awasaidie kuoanisha.

Takataka. Pimeni kwa kuhesabu vipande kwenye mita 50 za ukingo, mita zilezile kila mara.

Na usalama jamani, kabla ya vipimo vyote. Gambuti, glavu, sabuni, mtu asiingie majini na kidonda, sehemu zenye mamba na viboko pimeni kutoka darajani kwa ndoo na kamba. Watoto wa shule wafanye kazi ya trei na daftari ukingoni, majini waingie wakubwa.

Gaweni mto vipande, na pimeni kiangazi na masika

Mto mmoja una hali tofauti. Juu Pugu sio sawa na Vingunguti. Gaweni vipande vitatu au vinne kufuata mabadiliko yanayoonekana kwa macho, mfano mashamba, makazi yaliyobanana, mdomo wa bahari, halafu kila kipande kiwe na vituo viwili mpaka vitatu mnavyoweza kuvifikia hata mvua ikinyesha. Pigeni picha ya kila kituo na mhifadhi alama yake ya GPS kwenye simu, kwa sababu mwaka ujao watapima watu wengine na "pale chini ya mwembe" haitatosha, mwembe unaweza ukakatwa.

Kupima kiangazi peke yake kunapotosha, kupima masika peke yake pia. Mvua inafagia kila kitu cha mitaani kukiingiza mtoni, kiangazi maji yanapungua na uchafu wa mabomba unabaki mzito. Kila mwezi mara moja ndo nzuri zaidi, mkishindwa basi angalau mara mbili kiangazi na mara mbili wakati wa mvua.

Kukokotoa maksi

Hapa watu huwa wanaogopa ila ni hesabu ya gawanya na zidisha. Kwa kila somo mmeshaweka kikomo, sasa hesabuni vipimo vingapi vimefikia kikomo kati ya vyote. Tuseme kipande cha kati mmepima oksijeni mara 24 kwa mwaka, mara 9 zimefika miligramu 5 au zaidi. 9 gawa kwa 24 zidisha 100, ni 37.5. Hiyo ndo maksi ya oksijeni ya kipande hicho. Fanyeni hivyo kwa uangavu na E. coli pia, na kwa takataka wekeni kikomo chenu, mfano visizidi vipande kadhaa mlivyokubaliana. Kwa wadudu, kwa kuwa miniSASS ina madaraja matano, mnaweza kuyapa maksi 90, 70, 50, 30 na 10. Kisha chukueni wastani wa masomo yote, mmepata maksi ya kipande.

Sasa mto mzima. Tuseme kipande cha juu kina urefu wa kilomita 5 na kimepata 82, cha kati kilomita 20 kimepata 34, cha chini kilomita 10 kimepata 22. Mkichukua wastani wa kawaida, 82+34+22 gawa kwa 3, ni 46. Lakini hapo kipande kidogo kisafi cha juu kimebeba mto mzima mgongoni. Zidisheni kila maksi kwa kilomita zake: 410, 680 na 220, jumla 1,310, gawa kwa kilomita 35, ni kama 37. Kwenye kipimo cha Chesapeake, 80 kwenda juu ni A, 60 ni B, 40 ni C, 20 ni D, chini ya hapo ni F, kwa hiyo njia ya kwanza inasema C na ya pili inasema D. Ya pili ndo ya kweli, kwa sababu watu wengi wanaishi kwenye zile kilomita 30 chafu. Na hata hiyo D ya jumla isimeze gredi za vipande, mtu wa Jangwani anataka kujua ya Jangwani.

Jambo moja kuhusu herufi. Kwa sisi Watanzania, mtihani wa kidato cha nne D ni 30 hadi 44 na inahesabika kufaulu. Mkiandika "Mto wetu umepata D" mzee mmoja atasema afadhali, umepita! Tena A ya shule inaanzia 75 na ya kadi yenu inaanzia 80. Kenya wenyewe wanaishia E, hakuna F. Kwa hiyo ama mtumie mizani ya shule ya nchi yenu ambayo kila mtu anaijua, ama msitegemee herufi peke yake. Mi napendelea herufi, rangi, na chini yake sentensi moja ya amri inayoeleweka: "Nyekundu. Usiogeshe mtoto hapa. Mboga zilizomwagiliwa maji haya zipikwe, zisiliwe mbichi." Hiyo sentensi ndo itakayosambaa, herufi itasahaulika.

Karatasi yenyewe

Upande mmoja wa A4 au A3, basi. Ramani ya mto katikati yenye vipande vya rangi, na majina ya mahali yawe yale watu wanayotumia, daraja, soko, kituo cha daladala, sio namba za vituo. Herufi kubwa ya jumla pembeni. Sentensi tatu: mwaka jana ulipata ngapi, mwaka huu ngapi, na nini kimebadilisha. Picha moja au mbili mlizopiga wenyewe. Maneno kama "miligramu kwa lita" na "mililita 100" yaende nyuma ya karatasi kwa wanaotaka kuchimba. Kiswahili chepesi, na kama jamii inaongea Kimaasai au Kikuria nyumbani, mtafute wa kuongea kwenye redio ya jamii.

Pia tengenezeni ya sauti, dakika mbili, ya kushea kwenye grupu za WhatsApp za mtaa. Kuna watu wengi wanaosikiliza voisi na hawafungui faili hata siku moja. Na bandikeni kibao darajani, hata mbao na rangi tu, mnabadilisha rangi ya duara kila mwaka.

Siku ya kutangaza chagueni siku ambayo tayari ina watu. Wiki ya Maji inayoishia 22 Machi, Siku ya Mazingira 5 Juni, na kwa Mto Mara kuna Siku ya Mara 15 Septemba ambapo Kenya na Tanzania wanakutana. Waalikeni diwani, mtendaji wa kata, walimu, na waliopima ndo wasome matokeo, sio mgeni rasmi. Mama aliyehesabu wadudu kwenye beseni akisimama kusema "tulipata minyoo na ruba tu" anasikilizwa na jirani zake kuliko profesa yeyote.

Wiki mbili kabla, wafuateni wale ambao kadi itawagusa. Machinjio, wenye karakana za kuosha magari, wafugaji, kiwanda. Waonyesheni namba za kipande chao faraghani, wasikie kabla ya umma. Hamuwaombi ruhusa, mnawapa nafasi ya kuja siku hiyo na jibu. Na kwenye kadi msiandike jina la mtu au kampuni kama mchafuzi, kadi inasema hali ya maji, na vipimo vyenu havitoshi kuthibitisha nani kamwaga. Mkiona maji yanabadilika ghafla kati ya kituo kimoja na kinachofuata, pelekeni hizo namba ofisi ya bonde au NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, wakachunguze, ndo kazi yao kisheria.

Msipangue gredi kwa kuombwa. Ombi litakuja, kutoka kwa mwanasiasa anayetaka C kabla ya uchaguzi, au hata kutoka kwa mfadhili anayetaka F ili apate picha ya kusikitisha. Njia ya kujikinga ni kuandika vikomo na kanuni ya kukokotoa kabla hamjapima hata mara moja, viwekwe saini na kikundi na viachwe ofisi ya mtaa.

Mwaka wa pili

Vituo vilevile, saa zilezile, masomo yaleyale. Kubadilisha kipimo katikati kunaua kulinganisha, kama ni lazima mbadilishe basi pimeni kwa njia zote mbili mwaka mmoja.

Na mto unaweza kushuka hata mkiwa mmefanya kazi kubwa. Chesapeake ilipata C+ kwa mwaka 2023, gredi yake ya juu kabisa tangu 2002, halafu mwaka uliofuata ikarudi C. Miaka kama hiyo wekeni mvua ya mwaka pembeni ya maksi, ombeni takwimu za mamlaka ya hali ya hewa, muone kama masika ilikuwa kubwa kuliko kawaida, na mseme hivyo waziwazi kwenye kadi. Kama mvua ilikuwa ya kawaida na maksi zimeshuka, basi rudini kwenye vituo kimoja kimoja mkitafuta zilipoangukia, kipande gani, somo gani, mwezi gani, mkalipeleke hilo kwenye mkutano wa mtaa.

Chini kabisa ya kila kadi andikeni tarehe ya kadi ijayo, na ofisi ambayo mtu yeyote anaweza kwenda kulifungua daftari la vipimo akasoma mwenyewe.